Mafunjo na Kigiriki cha Kale: Kweli au Si Kweli?

Ukitoka Butiama kwenda Tarime, ukivuka Mto Mara pale Kirumi, unaona mafunjo yametanda bondeni. Bila shaka umeyasikia mengi juu yake, na pengine juu ya wasomi wanaotumia maisha yao kusoma hati za Kigiriki zilizoandikwa juu ya mmea huo.

"Haya yetu ni majani ya mikeka tu." Si kweli. Ni mmea uleule wa Misri ya kale. Bua lake lina pembe tatu. Wamisri walilimenya, wakachana kiini cheupe vipande vyembamba, wakapanga tabaka mbili zinazokingamana, wakazigandamiza. Zikikauka, karatasi tayari.

"Akiba haiozi." Kweli, ikikaa pakavu. Kwa unyevu wa ziwani kwetu hati hizo zisingedumu, lakini mchanga wa Misri umetunza barua kwa miaka 2,000.

"Wataalamu wa hati hizi huwinda dhahabu makaburini." Si kweli kabisa, na dhana hii inaipunja kazi yao heshima. Mwaka 1896 wasomi wawili wa Oxford, Grenfell na Hunt, walianza kuchimba majalala ya mji wa kale wa Oxyrhynchus, Misri. Humo mlikuwa na risiti za kodi, mikataba, hata barua ya mtoto Theon aliyemnunia baba yake kwa kutompeleka Alexandria, akatishia kutokula wala kunywa. Mashairi ya Sappho, mshairi wa Kigiriki, yaliyodhaniwa yamepotea nayo yalitoka humo humo. Anayesoma hati hizi hukuta herufi zimebanana bila nafasi kati ya maneno, na nusu ya mstari imeliwa. Hufuata nyuzi za karatasi, hupima mwandiko, kisha hukisia kilichopotea kwa kuijua lugha barabara. Haba na haba: juzuu la kwanza la hati hizo lilitoka 1898, leo yamepita 80, na vipande vingi bado vinasubiri.

"Ugiriki ya kale haijafika Butiama." Si kweli. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alipotafsiri Julius Caesar, tafsiri iliyotoka 1963, alishika tamthilia ambayo Shakespeare aliijenga juu ya masimulizi ya Plutarch, Mgiriki.

"Kazi ya kusoma hati hizi huigusi mpaka ufike Ulaya." Nusu kweli. Mafunzo kamili yanahitaji chuo chenye walimu wa Kigiriki. Ila mwaka 2011 Oxford waliweka picha za vipande vya Oxyrhynchus mtandaoni, wakaomba yeyote, hata asiyejua Kigiriki, asaidie kutambua maumbo ya herufi.