Kubadili neno kwenye PDF ukiwa na Linux

Saa saba mchana, steshenari moja ya Kilwa Masoko. Mteja anatoa flashi yenye barua ya PDF. Anataka "Kata ya Kipatimu" isomeke "Kata ya Chumo", basi. Kompyuta ya dukani ni ya Linux, na kijana wa kaunta anahangaika kutafuta programu ya Adobe. Asijisumbue: toleo la mwisho la Adobe Reader kwa Linux lilitoka 2013.

Kabla ya kutafuta mbadala, tujue PDF ni nini. Ilitolewa 1993 ili ukurasa uonekane vilevile popote unapofunguliwa. Kwa kawaida ndani yake hamna aya, mna maagizo tu: weka herufi hii hapa, ile pale. Ni kama kuta za Kilwa Kisiwani: chokaa ikishashika, huchomoi jiwe ukaacha mengine salama. Tena faili nyingi hubeba maumbo ya herufi zilizotumika tu. Kama barua haikuwa na C kubwa popote, "Chumo" itaazima herufi za fonti nyingine, na mwenye jicho ataliona kovu.

Ndiyo maana usitafute programu moja ya kila kitu; chagua kwa kazi. Kubadili neno moja au mawili, fungua PDF kwa LibreOffice Draw, bofya mstari mara mbili, andika, kisha uitoe upya kama PDF. Kujaza fomu au kutia saini juu ya ukurasa, tumia Xournal++. Kuunganisha, kugeuza au kufuta kurasa, PDF Arranger. Karatasi iliyoskaniwa ni picha tupu: OCRmyPDF huisoma na kuitia maandishi, hata ya Kiswahili, ukiongeza data ya lugha yenye alama "swa". Faili zito linalokataliwa na mfumo wa maombi hupunguzwa na Ghostscript kwa amri hii:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o dogo.pdf kubwa.pdf

Zote ni za bure, na zikishasakinishwa hazili bando. Mei 2024, siku chache baada ya mafuriko kukata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga, nyaya za intaneti za baharini nazo zilikatika. Aliyezoea kuhariri PDF kwenye tovuti alikwama. Mwenye programu ndani ya mashine aliendelea na kazi. Isitoshe, nyaraka za mteja, kama cheti cha kuzaliwa, hazikusafiri kwenda kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua.

Hata hivyo, swali la kwanza kwa mteja liwe: "Hii barua uliiandikia wapi?" Mara nyingi faili la asili limo kwenye flashi hiyohiyo; likirekebishwa hilo, kovu halitakuwepo. Nawe unapotoa PDF kutoka LibreOffice Writer, weka tiki kwenye chaguo la kupachika faili la ODF, yaani faili la asili la Writer, ndani yake. Siku mteja akirudi, utaifungua PDF hiyo kwa Writer na kukuta aya zake zote, chokaa ingali mbichi.