Saa ya kompyuta ikikosea, hesabu za duka huvurugika

MWENYE duka la jumla lenye kompyuta tatu anaweza kukuta kumbukumbu zinaonyesha mzigo umeuzwa kabla haujaingia stoo. Huenda hakuna aliyeiba, bali saa za kompyuta zinapishana. Hata hivyo, saa zikipishana, mwizi naye hupata pa kujificha.

Saa ya kompyuta huendeshwa na kipande cha kwatzi, kama saa ya mkononi. Inaweza kukosea sekunde moja au mbili kwa siku, yaani hadi dakika nzima kwa mwezi. Betri yake ndogo ya duara ikifa, saa hurudi nyuma miaka kadhaa umeme unapokatika.

Mitandao mingi mikubwa huchukua saa kutoka kwenye setilaiti. Njia hiyo huhitaji antena inayoona anga, jambo gumu kwa aliyepanga chumba cha chini katika jengo la ghorofa. Zipo njia nyingine, lakini si zote zinafaa.

Mojawapo ni redio. Kituo cha DCF77 kilichopo Mainflingen, Ujerumani, hurusha saa kwa masafa ya kilohezi 77.5. Mawimbi yake hufika takriban kilometa 2,000, hivyo hayategemeki Afrika Mashariki. Saa ya atomiki nayo ni ghali, na lazima kwanza irekebishwe kwa saa nyingine iliyo sahihi.

Njia nafuu ni intaneti, kwa utaratibu uitwao NTP uliobuniwa na David Mills wa Marekani mwaka 1985. Saa hutolewa bure kupitia anwani ya pool.ntp.org, iliyoanza mwaka 2003 na inayotegemea kompyuta za watu wanaojitolea.

Kosa ni kutegemea chanzo kimoja. Kikikosea, hakuna cha kukisahihisha. Viwili vikitofautiana, kompyuta haijui kipi ni kibovu. Vikiwa vitatu, viwili vinavyokubaliana hukishinda kimoja. Bora viwe vinne, ili kimoja kikipotea vibaki vitatu.

Fundi aombwe kuweka kompyuta moja isiyozimwa ovyo ichukue saa huko, na nyingine zote ziifuate. Intaneti ikikatika, zote zitakosea pamoja, na mpangilio wa mauzo hautavurugika.

Mwisho, kila kompyuta iwekwe kwenye majira ya Nairobi, ambayo ni sawa na ya Tanzania na Uganda, na betri iliyochoka ibadilishwe mapema.