Upuuzi si Ujinga

Wasomaji, humu mjini Bujumbura yako maneno matatu yanayorushwa ovyo kama mawe: mjinga, mpumbavu na mpuuzi. Wengi wetu tuliolelewa kwa Kirundi twadhani ni neno moja. Sivyo, na kosa hili limekwisha leta ugomvi mwingi.

Mjinga ni mtu asiyejua. Katika karne ya 19 watu wa pwani walimwita hivyo hata mgeni aliyefika karibuni kutoka bara, ambaye hajazijua desturi za mji. Basi ujinga huwa na mwisho, ndiyo maana wazee husema, "Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani." Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere aliutaja ujinga pamoja na umaskini na maradhi kuwa maadui wa nchi. Hakuwatukana raia wake, alitaka wasome.

Mpumbavu ni neno zito zaidi. Lina undugu na pumbaa, yaani kuduwaa, akili ikasimama. Hapo hatusemi tena kwamba mtu hajafundishwa; twasema hafundishiki. Atakayemwambia mtu mzima neno hili sokoni Buyenzi na ajiandae kukimbia.

Sasa upuuzi. Latoka katika puuza, kutotilia maanani. Mpuuzi ana akili timamu, tena pengine ndiye wa kwanza darasani. Ajua kengele imelia, naye yumo kuiga mwendo wa mwalimu. Ajua mwenzake amefiwa, naye anacheka. Tena maneno yake yenyewe huitwa upuuzi, kwa kuwa yastahili kupuuzwa. (Mzaha ni kitu kingine: katika mzaha hucheka wote wawili.)

Mwanafunzi mmoja mgeni, aliyeshuka kutoka milimani na Kirundi chake tu, alitumwa ufagio akaleta ndoo. Darasa likamwita mpumbavu, na kwa majuma kadhaa hakufungua kinywa tena. Yule alikuwa mjinga wa neno moja, "ufagio". Wapuuzi ni wale waliomcheka, maana walijua vema ametoka wapi.

Najua njiani watu hawapimi hivi. Neno ujinga limemeza mengine yote, na huko Uvira, ng'ambo ya ziwa, utasikia "bujinga". Kijana akining'inia na baiskeli yake nyuma ya lori katika mpando wa Bugarama, mama atamkemea, "Acha ujinga!" Lakini kijana huyo ajua lori lina uzito gani, na bonde liko upande gani. Huo si ujinga.