Gorong'ondwa: Jina la Jenasi na Majina ya Spishi

Neno mjusi limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Mdogo atambaaye ukutani usiku akivizia wadudu penye taa ni mjusi. Na yule aotaye jua mchana juu ya mwamba, akiinua na kuinamisha kichwa, naye ni mjusi. Hata hivyo lugha haikukosa maneno ya kuwapambanua: wa kwanza huitwa mjusi kafiri, wa pili gorong'ondwa. Jina hili la pili lafaa kusimamia jenasi ambayo Daudin aliiita Agama mwaka 1802.

Tatizo huanza jenasi inapogawanywa katika spishi. Spishi tatu za Afrika ya Mashariki zatosha kuwa mfano. Ya kwanza ni Agama lionotus, iliyoelezwa na Boulenger mwaka 1896 na iliyohesabiwa kwa muda mrefu kuwa tawi la Agama agama. Dume lake lina kichwa cha rangi ya chungwa na mwili wa buluu. Ya pili ni Agama mwanzae (Loveridge, 1923), ikaayo katika majabali ya Serengeti na Maasai Mara; dume lake ni jekundu toka kichwani hadi mabegani. Ya tatu ni Agama caudospinosa (Meek, 1910) ya nyanda za juu za Kenya.

Kishawishi kilicho karibu ni kuziita kwa rangi, kama vile "gorong'ondwa kichwa-chekundu". Lakini rangi hiyo ni ya dume linalotawala, tena mchana. Majike na wachanga wana rangi ya kahawia yenye madoa, na dume lenyewe hufifia usiku. Jina kama hilo lingewaacha nje wengi wa spishi inayotajwa.

Majina ya kitaalamu yenyewe yaonyesha njia. Lionotus ni Kigiriki, maana yake mgongo laini. Caudospinosa ni Kilatini, mkia wa miiba. Mwanzae ni Mwanza iliyotiwa kiambishi tamati -ae cha umilikishi wa Kilatini, kazi ambayo Kiswahili hukitwika kihusishi cha -a. Kwa hiyo twapata gorong'ondwa mgongo-laini, gorong'ondwa mkia-miiba na gorong'ondwa wa Mwanza. Majina haya hayabadiliki jua lituapo. Mwanafunzi ayasikiapo huelewa sifa au mahali pasipo kupitia lugha ya tatu, na Mwanza hurudi kutamkwa kama inavyotamkwa na wenyewe.