Saa Tatu Usiku, na Jua Lingali Juu

Mama yangu, aliyeko Tanga, hajaridhika hadi leo na maelezo yangu. Mwezi Juni alinipigia simu akiwa amekwisha swali Isha na kufunga milango, akauliza zile kelele za watoto ni za nini. Nikamwambia wanacheza mpira. "Usiku huu?" Nikamjibu kwamba huku ni saa tatu usiku na jua halijatua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, jua likiwapo hakuna usiku."

Kwa hesabu yetu ya Kiswahili, haki ni yake. Lakini hapa Granada, ninapoishi mwaka wa tatu sasa, Magharibi ya Juni huingia baada ya saa tatu na nusu, na Isha hupita saa tano. Jua halina lawama. Mwaka 1940 serikali ya Jenerali Franco ilisogeza saa mbele ili zilingane na za Ujerumani, na hazikurudishwa tena, ilhali mstari wa Greenwich unapita ndani ya Hispania yenyewe. Watu wakaendelea kulifuata jua: chakula cha mchana saa nane au tisa, cha usiku hadi saa nne. Mke wangu alishikilia mwaka mzima kwamba watoto wetu walale saa mbili. Miili ililala, macho yalikuwa dirishani.

Kuhusu chakula, nitasema moja tu. Nilimwomba mhudumu mboga zisizo na nyama, akaniletea njegere zilizochanganywa na vipande vyekundu. Nilipomwonyesha, alistaajabu kwa moyo mweupe kabisa: hiyo si nyama, ni jamón. Paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, kwake, ni kama kiungo.

Jambo lililonifunza adabu ya watu hawa ni foleni. Mwanangu alishikwa na homa kali, tukamkimbiza zahanati. Nilikuta watu wameketi ovyo, nami nikasimama mlangoni nikidhani ndiyo nimepanga mstari. Kila aliyeingia baada yangu aliwasalimu wote, akauliza, "Nani wa mwisho?" Mmoja akainua mkono, naye akaketi. Foleni ilikuwapo, tena iliyonyooka, ila ilikuwa vichwani mwao, na mimi sikuwamo. Nilipotaka kuingia, watu wanane walinizuia kwa pamoja. Mtoto alikuwa akitetemeka begani kwa mama yake.

Bibi mmoja mwenye mkongojo akasimama. Akasema mgeni huyu alifika mapema, hakujua tu kuuliza. Na aingie kwa zamu yangu, mimi nitakuwa wa mwisho. Hakuna aliyebisha. Tulipotoka na dawa, bado alikuwa ameketi pale. Akamgusa mtoto shavuni na kusema, "Ojalá" apone upesi. Neno hilo wamelirithi kutoka Kiarabu cha Andalusia, na asili yake ni kumtegemea Allah. Nikamwambia hivyo. Akanijibu kwamba hapana, ni Kihispania, bibi yake alikuwa akilisema. Sikubisha; nilikuwa na deni lake.

Homa ilishuka usiku ule. Tangu hapo, kila niingiapo mahali nauliza kwanza nani wa mwisho. Ijumaa iliyopita ulimi uliniponyoka nikauliza hivyo penye mabomba ya kutilia udhu. Mzee mmoja wa Kimoroko akainua mkono.