Hana mwajiri, lakini ana kazi: Haki ya fundi wa programu za vifaa

Baada ya swala ya Magharibi, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinishika mkono, akanivuta pembeni mwa baraza ya msikiti. Kijana mmoja miongoni mwa waumini wetu alikuwa amepeleka posa nyumbani kwake, naye alitaka kumjua vizuri zaidi.

"Katibu," aliniuliza, "huyu kijana anafanya kazi gani hasa? Kila nikipita kwao namkuta chumbani na nyaya zake. Asubuhi haendi popote."

Nilimjibu kwamba kijana ni fundi, tena fundi hodari na mwaminifu. Sikumwambia kwamba siku hiyo kamati yetu ilikuwa ikidaiwa na kijana huyo shilingi 250,000, kwa kazi aliyoikamilisha miezi mitatu nyuma. Mzee aliuliza swali la haki, nami nikampa nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ndiyo inayonifanya niandike makala haya.

Kazi yenyewe ni ipi?

Watu wengi wakisikia neno programu hufikiria kompyuta na simu. Ipo, hata hivyo, aina nyingine ya programu ambayo hukaa ndani ya kifaa na kukitumikia kifaa hicho tu. Mita ya LUKU, inayopokea tarakimu 20 na kuhesabu uniti zilizobaki, ina programu ya namna hiyo. Vivyo hivyo saa ya ukutani inayoonyesha nyakati za swala, na mashine ya kufulia nguo. Ndani ya kila kimoja mna kompyuta ndogo ya chipu moja iitwayo mikrokontrola.

Chipu hizo ni finyu mno. Bodi ya Arduino Uno, ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, ina nafasi ya kilobaiti 32 tu ya kuhifadhi programu, na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Picha ya kawaida iliyopigwa kwa simu haienei humo. Mwandishi wa programu hizi hana budi kupima kila anachokiandika. Zaidi ya hayo, makosa yake ni ghali. Programu ya simu ikiwa na kasoro hurekebishwa kupitia intaneti. Kifaa kilichokwisha kufungwa juu ya tangi mara nyingi humlazimu fundi apande ngazi upya.

Anayefanya kazi hii kwa kujitegemea ndiye pia mnunuzi wa vifaa, mpimaji, msafirishaji na mdai wa malipo yake mwenyewe. Kifaa kisipopatikana Kariakoo huagizwa China, naye husubiri. Mteja huona kisanduku kidogo chenye taa mbili, akashangaa bei. Hazioni siku alizotumia fundi kukatakata umeme makusudi ili ajue kifaa kitafanya nini umeme wa mtaa utakapokatika.

Yaliyotokea msikitini

Maji ya mtaani kwetu huja kwa mgao, aghalabu usiku wa manane. Pampu yetu iliungua mara mbili kwa kuzungushwa bila maji. Tukamwomba kijana atengeneze kifaa cha kuiwasha maji yanapokuja, na kuizima tangi linapojaa au bomba linapokauka. Tukakubaliana shilingi 400,000, kwa mdomo tu. Kila mmoja wetu alisema, "Huyu ni mtoto wetu, tutaelewana."

Alipoleta kifaa, mjumbe mmoja akataka kiwe na kioo cha kuonyesha kiasi cha maji. Mwingine akataka kitume ujumbe wa simu kwa katibu. Kijana alikubali yote kwa heshima, na kazi ya wiki mbili ikawa ya wiki sita. Tukampa shilingi 150,000, nasi tukaingia katika maandalizi ya Ramadhani. Vifaa pekee vilikuwa vimemgharimu shilingi 140,000. Baadaye nilisikia kwa mama yake kwamba ameuza oskiloskopu yake, yaani chombo cha kupimia mawimbi ya umeme, ili alipe kodi ya chumba. Wakati huo wote sisi tulikuwa tukitawadha kwa maji ya kifaa chake.

Sheria yetu inasemaje?

Wanazuoni wa fiqhi wamemtofautisha ajiri maalumu, aliyeajiriwa na mtu mmoja kwa muda maalumu, na ajiri mushtaraka, fundi anayewafanyia kazi watu wengi, kama mshonaji au mhunzi. Kijana wetu ni huyo wa pili. Ni kazi kamili yenye hukumu zake, wala si dalili ya kukosa ajira.

Mkataba wa kutengenezewa kitu kwa vifaa vya fundi mwenyewe huitwa istisnaa. Mteja akinunua vifaa yeye, mkataba hugeuka kuwa wa ijara. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, tumezoea kuyasoma mambo haya katika mlango wa salamu, ambao hutaka bei yote itolewe mwanzoni. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah mwaka 1992, iliikubali istisnaa kuwa mkataba unaozifunga pande zote mbili. Sharti ni kwamba sifa za kitu zielezwe wazi na muda uwekwe. Bei inaweza kulipwa kwa awamu zenye tarehe maalumu.

Jambo hili la awamu ni kubwa kwa fundi Muislamu. Mteja akichelewa kulipa, fundi hawezi kumtoza nyongeza juu ya deni, kwa kuwa nyongeza hiyo ni riba. Kinga yake ipo mwanzoni: apokee malipo ya vifaa kabla ya kuvinunua, awamu ya pili kifaa kinapofanya kazi mezani, na ya mwisho kinapokabidhiwa. Nasi wateja tukumbuke kwamba Mtume (s.a.w) ameihesabu tabia ya mwenye uwezo kuchelewesha malipo kuwa ni dhulma. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu uandishi wa madeni. Tuliisoma chuoni, kisha tukasema "tutaelewana".

Nasaha kwa vijana na wazazi

Kijana anayetaka njia hii aandike kila mkataba, hata na mjomba wake. Aorodheshe kitakachofanywa na kifaa, na aeleze kwamba kila nyongeza ina bei yake. Ahesabu saa za kupima na za safari, si bei ya vifaa tu. Aeleze pia programu yenyewe ni ya nani baada ya kazi. Majmaa hiyo hiyo, katika kikao cha Kuwait cha mwaka 1988, ilitamka kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zina thamani ya mali na zinalindwa kisheria. Achukue namba ya mlipakodi na asajili jina la biashara, kwa kuwa taasisi nyingi hazilipi pasipo hati. Asitegemee mteja mmoja, na katika mwezi mzuri aweke akiba ya mwezi mkavu.

Wazazi nao wasipime kazi kwa kuangalia nani ametoka nyumbani alfajiri. Waulize: anatengeneza nini, nani anamlipa, na je, anatimiza ahadi? Imepokewa kwamba Nabii Daudi (a.s) alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake. Chumba chenye nyaya nacho ni mahali pa kazi.

Wiki ile ile niliwasilisha deni katika kikao cha kamati. Kijana alilipwa lote, na tukamwomba radhi mbele ya wajumbe wote. Tumeandika pia katika muhtasari kwamba hakuna fundi atakayeanza kazi ya msikiti bila mkataba na malipo ya awali. Kisha nilikwenda nyumbani kwa yule mzee, nikamweleza yote, ikiwa ni pamoja na kosa letu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi kumbe tatizo halikuwa la kijana."

Allah atujaalie riziki za halali, na atupe wepesi wa kulipa haki za watu kabla hawajatudai. Amin.