Tijara ya Usiku katika Pwani ya Diani

Katika biashara zinazoilisha Kwale, ni chache zenye wateja wachangamfu na hesabu ngumu kwa pamoja kama mkahawa wa pwani wenye baa na bendi. Mgeni aketiye Diani baada ya Isha, mbele yake kolekole wa kuchoma na wali wa nazi, masikioni mwake gitaa la rhumba, hudhani kwamba anachonunua ni chakula. Ilhali tajiri wa mahali pale ajua kuwa samaki, mkaa, barafu na ujira wa mpishi hula sehemu kubwa ya bei ya sahani, kwamba asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani na asilimia 2 ya ushuru wa utalii zina wenyewe, na kwamba faida aghalabu hutokana na vinywaji viagizwavyo baada ya sahani kuondolewa, saa ile ambayo mgeni asiye na sababu ya kubaki huomba bili akaenda zake. Sababu ya kubaki ni muziki.

Wako waliojaliwa mvuto mwingine. Mkahawa wa Ali Barbour's, uliofunguliwa mwaka 1983 ndani ya pango la matumbawe linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka kati ya 120,000 na 180,000, huwateremsha wageni ngazi wakala chini ya ardhi huku nyota zikionekana juu yao, na kwa uzuri huo pekee umejipatia sifa mbali na Kenya. Lakini si kila mwenye mkahawa amerithishwa pango, na aliye na makuti na mchanga tu, kama walivyo navyo jirani zake wote, hana budi kumtegemea mpiga gitaa.

Riziki ya usiku huo huanza alfajiri, vyombo vinapotia nanga Mwaepe, Gazi, Msambweni na Shimoni, ambako wachuuzi huchagua samaki wakubwa kwa ajili ya mahoteli, na mama karanga hubakiwa na wadogo wa kukaanga na kuuza vijijini. Mvuvi na mpishi huuziana kwa bei inayojulikana, kwa mizani. Mwanamuziki hana mizani.

Hapo ndipo palipo na dhuluma ya tijara hii, nami sioni jina jingine la kuipa. Aghalabu bendi huajiriwa kwa mapatano ya mdomo, hulipwa kwa usiku, na masika yanapoingia, mahoteli yakifunga vyumba ili yakarabatiwe, huwa miongoni mwa wa kwanza kuambiwa wasirudi. Na hata msimu wa wageni ukiwadia, huenda wakakuta nafasi yao imekwisha shikwa na mwimbaji mmoja mwenye kinanda na muziki uliorekodiwa, kwa kuwa ujira wa mtu mmoja ni rahisi kuliko wa sita. Anayefanya hivyo huhesabu alichookoa, wala hahesabu meza zilizoondoka mapema. Na tarehe ya pwani inatoa ushahidi wa thamani ya bendi: Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa ukoo wa Harrison iliyoanza mwaka 1972, ilikomaa kwa kuwapigia wageni mahotelini, na kazi hiyo ndiyo iliyouzaa wimbo wa Jambo Bwana, uliotolewa mwaka 1982, ambao umeitangaza Kenya kuliko matangazo mengi yaliyolipiwa.

Ni kweli kwamba tajiri naye ana hofu zake. Mwezi wa Mei mwaka 2014 Uingereza iliwatahadharisha raia wake wasiende kisiwa cha Mombasa na ufuo wa kutoka Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikujumuishwa, hata uwanja wa ndege wa Mombasa haukujumuishwa, lakini kampuni za Thomson na First Choice zilisimamisha safari zao, na miongoni mwa walioachwa bila wageni walikuwemo wa sehemu zisizojumuishwa. Kisha ikaja korona, na amri ya kutotoka nje usiku, iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 na kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, ikaikata biashara hii shingoni, maana baa na bendi haziwezi kuhamishiwa adhuhuri.

Tangu reli mpya ya Nairobi na Mombasa ianze mwaka 2017, na sasa barabara ya Dongo Kundu inapomfikisha msafiri Kwale bila kungoja kivuko cha Likoni, mteja mwingine ameongezeka: Mkenya wa bara ajaye na aila yake kwa Pasaka na likizo za shule, ambaye mara nyingi huwasili Aprili, mvua zikiwa mlangoni na wageni wa Ulaya wamekwisha rudi kwao. Mteja huyu ayajua maneno ya nyimbo, huomba rhumba aliyoipenda baba yake, na husimama kucheza chakacha. Kwa ajili yake yafaa bendi ya mji jirani wa Ukunda iandikiwe mkataba wa mwaka mzima, wenye ujira mdogo masika na mkubwa Disemba, ili mpiga gitaa asilazimike kukiuza chombo chake mwezi wa Mei.